Ukitaka kuing'oa programu kwenye klasta

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya. Nimekusoma unavyolalamika kwamba ile programu ya majaribio uliyoiweka kwenye klasta ya Kubernetes (kundi la kompyuta zinazoendesha programu kwa pamoja) haitaki kuondoka, na kwamba kila ukifuta podi moja (kifurushi kinachoendesha nakala moja ya programu), nyingine inazuka mahali pake. Klasta yako haina hitilafu yoyote. Ulipoandika kwenye deploimenti, yaani maelezo ya jinsi programu iendeshwe, kwamba unataka podi tatu, iliundwa replikaseti ambayo kazi yake ni kuhesabu, nayo ikiona zimebaki mbili, huziba pengo papo hapo. Itazame tena orodha ya `kubectl get pods` (kubectl ni chombo cha kuiamuru klasta): jina la podi mpya linaanza sawasawa na la ile uliyoifuta, ila herufi tano za mwisho zimebadilika, na umri wake ni sekunde chache tu.

Shika shina, basi, uyaache majani. Andika `kubectl delete deployment duka`, duka likiwa jina la deploimenti, na replikaseti pamoja na podi zake zitafuata zenyewe. Kila podi hupewa ishara ya kufunga shughuli na muhula wa kawaida wa sekunde 30 kabla ya kukatishwa kwa nguvu, kwa hiyo usishtuke ukiliona neno Terminating, yaani inafungwa, kwa kitambo.

Hata hivyo, servisi na ingresi (njia za kuifikia programu), mipangilio na siri (kama nywila) za programu hiyo zitakuwa bado zimekaa. Ndiyo maana mimi napenda zaidi `kubectl delete -f duka.yaml`, ambayo huondoa kila kilichoandikwa ndani ya faili, na kwa programu zilizowekwa kwa Helm, chombo cha kusakinisha programu kwenye klasta, `helm uninstall`. Amri ya `kubectl delete all --all` isikudanganye kwa jina lake, kwa sababu haigusi siri, mipangilio, ingresi wala madai ya diski (maombi ya nafasi ya kuhifadhi data).

Kabla ya yote hayo, tafadhali sana, andika `kubectl config current-context`, inayoonyesha umeelekea klasta gani, na usome jibu lake kwa sauti. Usiku mmoja, nikiwa nimechoka, nilifuta deploimenti nikidhani niko kwenye klasta ya majaribio, kumbe terminali yangu ilikuwa bado imeelekea kwenye ile ya wateja. Tuliirudisha kutoka kwenye faili, lakini kwa dakika kadhaa watu walikosa huduma kwa sababu yangu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kuhusu hifadhidata uliyonieleza, kwa kuwa iliwekwa kwa StatefulSet (seti ya podi za programu zinazotunza data), kwa kawaida diski zake hubaki hata ukiifuta seti yenyewe. Usiyafute madai ya diski hizo kabla ya kuchukua nakala ya data, maana sera ya diski, yaani kanuni ya nini kiipate dai likifutwa, ikiwa ni Delete, data yote itakwenda nayo. Nitumie kwanza matokeo ya `kubectl get pvc,pv` (madai na diski zenyewe), tuisome pamoja safu ya RECLAIM POLICY, inayoonyesha sera hiyo.

Wasalaam,
Rafiki yako