Kwa nini vitonge vyako vya tende vimechacha

Vitonge tunavyouza ni tende, korosho na nazi, vinachanganywa na kuviringishwa. Kila baada ya muda hutujia ujumbe ule ule kwenye simu ya duka: "Nimefuata maelezo yenu, vitonge vimechacha. Kuna kitu mmeficha." Juzi mteja mmoja hakuandika, alikuja mwenyewe na kibakuli, akakiweka mezani na kukifunua. Ilitoka harufu kama ya tembo la mnazi la juzi. "Dadangu," nikamuuliza, "nazi umetoa wapi?" Akasema ni machicha, tui alishalipikia wali wa mchana, akaona yasitupwe.

Basi tatizo lenyewe ndilo hilo, wala halina siri. Kitonge cha tende hakipikwi, kwa hiyo hakuna moto wa kuua kitu ndani yake. Kinachokilinda ni ukavu. Tende iliyokauka vizuri ina sukari nyingi na maji kidogo, chachu na ukungu havipati pa kuanzia. Ukiongeza maji, ulinzi umekwisha. Na Lamu hii hewa yenyewe ina unyevu mwaka mzima. Masika ndiyo usiseme.

Maji yanaingilia kwenye nazi kwanza, iwe imetoka kwenye mbuzi ya kukunia sasa hivi au ni machicha. Machicha uyakamue mpaka mikono iume, bado yana maji. Sisi nazi tukishaikuna tunaikausha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, tunakoroga bila kuondoka, mpaka ukiishika inachakarika vidoleni na haishikani. Halafu ipoe kabisa kwenye sinia kabla ya kugusana na tende, maana nazi ya moto ukiifunika inatoa jasho. Kazi hiyo peke yake inakula asubuhi nzima, na hakuna anayeikumbuka anapouliza bei.

Mahali pa pili ni kuloweka tende. Mtu amenunua tende za rahisi, ngumu, mashine haizisagi, anazimwagia maji ya moto. Zinasagika, ndiyo, lakini zimekuwa rojo. Kitonge hakishikani, anatia unga. Bado. Anaongeza korosho. Mwisho wa yote ametumia korosho mara mbili ya kipimo, na korosho ndiyo ghali kuliko vyote kwenye sinia lile, kisha siku ya tatu anawamwagia kuku. Ukiwa na tende ngumu, zitoe kokwa, zikate vipande, zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uziweke juani nusu saa. Zikishalainika, saga na kijiko kimoja cha samli. Kama umeshaziloweka, viringisha, weka kwenye friji na mvimalize ndani ya siku mbili tatu. Usizipeleke kwa watu.

Kipimo chetu tunakitoa kwa yeyote, hatukuanza leo: tende nusu kilo baada ya kutoa kokwa, korosho robo kilo, nazi kavu nusu kikombe, iliki, chembe ya chumvi. Korosho zinasagwa peke yake, kidogo kidogo, zibaki chenga. Ukiiacha mashine ikinguruma tu, zinatoa mafuta na kugeuka siagi. Ufuta uliokaangwa tunauviringishia nje. Vikiwa hivyo, kwenye bati lenye kifuniko, penye kivuli, vinakaa wiki mbili. Kuna nahodha huchukua bati zima kila anapotweka, na hajawahi kuturudishia neno.

Lilotuuma zaidi ni la harusi. Nyumba moja iliagiza nusu ya vitonge kwetu, nusu wakaviringisha wenyewe ili kupunguza gharama. Sawa, ni haki yao. Lakini wakavipanga vyote pamoja kwenye masinia usiku wa kuamkia, wakavifunika kwa plastiki. Asubuhi vingine vimelainika na kunuka, na lawama ikaja mlangoni kwetu kabla ya chai. Tulikwenda, tukapasua kimoja kimoja mbele ya bibi mwenye nyumba. Vyetu ndani ni vikavu na vina chenga. Vile vingine vina nyuzi nyeupe za machicha, mbichi. Hakusema kitu, lakini pesa iliyobaki alilipa.

Sasa bei, maana najua mnaisubiri. Wanatulinganisha na kashata. Kashata ni njugu na sukari, na kashata nzuri naila mwenyewe, ila hesabu yake ni nyingine. Korosho tunazichukua bara, upande wa Mpeketoni. Kilo 4 mpaka 5 zenye ganda ndizo zinazotoa kilo 1 safi, na ganda lile lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Anayebangua anastahili malipo yake. Tende zinatoka ng'ambo, zinafika Mokowe, gatini upande wa bara, kwa gari, kutoka hapo ni boti mpaka kisiwani. Tunatumia vipande vya korosho, si nzima, na hilo tunalisema wazi. Kitu chenyewe kinakwenda kusagwa, kwa nini ulipie uzima?

Wengine huomba tuweke njugu ili bei ishuke. Tunaweka ukitaka, lakini tunazichambua moja moja, iliyosinyaa au yenye ukungu haipiti. Sumu ya ukungu kwenye njugu haiondoki yote kwa kukaanga, kwa hiyo hata hizo hazitakuwa bei ya mtaani.

Na kuna mama aliyetukasirikia kwa kumkatalia. Alitaka vya baba yake mwenye kisukari, kwa kuwa ameona mahali vimeandikwa "havina sukari". Kweli hatutii sukari, ila zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari yake yenyewe. Tulimwambia akamuulize daktari kwanza. Akaondoka akisema hatutaki kuuza.

Oda za Ramadhani tunaziandika kuanzia Shaabani, kabla tende hazijapanda. Nusu ya malipo mbele. Anayeleta bati lake mwenyewe, lije limekauka.