Feni sita za nini kama hewa haina pa kuingilia?

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo la kompyuta kupata joto linawala vijana hela na mimi ni mmoja wa walioliwa.

Mwaka jana nilijiungia kompyuta ya gemu mwenyewe, vifaa nimeokoteza kidogokidogo Kariakoo, vingine used vya watu, kesi, yaani boksi la kompyuta, nikachagua yenye kioo ubavuni na feni za mataa kwa sababu inapendeza, basi, sikuwa na sababu nyingine. Miezi ya baridi ilienda freshi tu. Ilipofika Januari, na Dar ya Januari mnaijua wenyewe, nikicheza dakika 20 tu picha zinaanza kukatakata huku feni zinanguruma kama jenereta la saluni. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, hata hakuifungua, akasema kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, imechoka nunua nyingine. Bahati nzuri sikuwa na hela.

Nikaweka programu ya kusoma joto. Prosesa, ubongo wa kompyuta, digrii 94, kadi 86. Prosesa nyingi kikomo chake ni kati ya 90 na 100, ikikaribia hapo inajipunguzia spidi yenyewe isije ikaungua, ndo kule kukatakata sasa.

Aliyenisaidia ni mama bila kujua, alikuwa anafukiza nguo, akaacha chetezo karibu na meza yangu, mara naona moshi wa udi unasukumwa mbali na matundu ya mbele ya kesi. Ya mbele! Pale ndo hewa ilitakiwa iingie. Kumbe feni zote nne zilikuwa zinatoa nje, hakuna hata moja inayoingiza. Feni ya kesi ule upande wenye vijiti vinavyoshika mota ndiko upepo unakotokea, na mimi nilipenda upande msafi wenye mataa uonekane ndani kupitia kioo, nikazigeuza. Urembo huo.

Nikazifungua. Mbili za mbele zikawa za kuingiza, ya nyuma inatoa, ile ya juu ilikuwa imekaa kwa mbele mno, inavuta hewa ya baridi kabla haijafika kwa prosesa, nikairudisha nyuma kabisa. Kesi nayo nikaitoa kwenye zulia maana pawa saplai, kile kifaa cha kugawa umeme ndani, inavutia hewa chini, nikaipandisha kwenye ubao. Gemu ileile, chumba kilekile, prosesa 79, kadi 74. Sikununua kitu!

Sasa mhariri, kilichonifanya niandike ni hizi habari za teknolojia mnazochapisha, mnatuandikia kesi fulani inakaa digrii 65 kwenye gemu, tunakimbilia dukani, tunafika nyumbani inasoma 76 tunadhani tumepigwa. Wenzetu wanapima kwenye chumba cha digrii 21, huku kwetu chumba mchana kinafika 32 na AC hatuna, tofauti hiyo ya 11 inapanda na kule ndani karibu yote, feni haiwezi kuipoza kompyuta ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta hata ukifunga 10. Ndo maana ushauri wa "ongeza feni" unanichosha.

Vumbi nalo lina hadithi yake, ila kwa kifupi za kuingiza zikizidi za kutoa hewa inapita kwenye neti za mbele na vumbi linabaki pale, wewe unafuta neti tu. Na ukipuliza kwa blowa shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, beringi zinakufa hivyo.

Ombi langu ni dogo, mkiandika joto la kompyuta andikeni na joto la chumba walichopimia. Neno moja tu hilo linatosha, nafasi haiwezi kukosa.

Mchezaji gemu,
Tabata, Dar es Salaam