Risala ya Wahitimu wa Darasa la Ubora Kazini kwa Mgeni Rasmi, Chang'ombe, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Walimu wetu,
Waajiri mlioitikia mwaliko,
Wazazi, ndugu na jamaa,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Jumamosi ya Dar es Salaam ina harusi zake na misiba yake, nawe umeacha yote ukaja kukaa nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wafanyakazi. Tumo mafundi cherehani wa Ilala, maseremala wa Keko, mafundi magari wa Gerezani, waoka mikate, wauguzi wawili, na kijana wa stoo ya vinywaji Barabara ya Nyerere. Kwa miezi sita tumekutana katika ukumbi huu kila Jumamosi saa nane mchana kujifunza usimamizi jumuifu wa ubora. Jina hilo lilitutisha siku ya kwanza. Mwalimu akatutoa hofu: maana yake, alisema, ubora haumngoji mkaguzi mlangoni mzigo ukishafungwa. Unatengenezwa na kila mtu katika kila hatua, kuanzia anayenunua malighafi, na mwenye mamlaka ndiye wa kwanza kuwajibika.

Hilo la nani awe wa kwanza kuwajibika ndilo lililotuletea mjadala mkali kuliko yote.

Tulisoma habari za Mmarekani W. Edwards Deming, aliyekwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inajiinua baada ya vita, na bidhaa zake zilikuwa na sifa mbaya ya kuharibika upesi. Hakuwashauri waongeze wakaguzi. Aliwafundisha kuhesabu kasoro, kutafuta zinazaliwa wapi, kurekebisha pale pale zinapozaliwa, kisha kuhesabu tena. Mwaka 1951 Wajapani walianzisha tuzo ya ubora yenye jina lake, na mpaka leo inatolewa. Miaka mingi baadaye Deming alikadiria kwamba asilimia 94 ya matatizo ya kazini yanatokana na mfumo, yaani mpangilio wa kazi ambao uongozi ndio wenye uwezo wa kuubadilisha. Mwalimu alipotusomea hayo, darasa lilinyamaza. Halafu kaka mmoja wa Gerezani akauliza kutoka nyuma: "Sasa miaka yote hii tumekatwa mishahara kwa makosa ya nani?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, niruhusu mimi ninayesoma risala hii nieleze jambo nililoliona kwa macho yangu.

Nilikuwa nikishona sare za shule katika karakana moja hapa mjini. Unajua Januari ilivyo, mzazi anataka shati leo, shule zinafunguliwa kesho. Kila Ijumaa mkaguzi alirudisha rundo la mashati, mengine kola inavuta, mengine mshono umeruka. Msimamizi alisoma namba ya fundi iliyoandikwa ndani ya shati, na mwisho wa mwezi fundi huyo alikatwa. Tukajifunza kuficha. Shati lililoharibika lilisukumwa ndani ya kiroba chini ya meza, likafumuliwa usiku taa za watu zimezimwa, likashonwa upya kwenye matundu yale yale ya sindano, likaenda kwa mtoto wa mtu likiwa limechoka kabla hajalivaa. Nimefanya hivyo, na sioni fahari kulisema hapa.

Nilipoanza darasa hili, mwalimu alinipa karatasi yenye vyumba vinne: siku, saa, namba ya cherehani, aina ya kasoro. Nikawaomba wenzangu watano tutie alama kwa wiki mbili, bila kuandika jina la mtu. Hilo la kutoandika jina ndilo lililowafanya wakubali. Wiki ya pili ilipokwisha tuliitandaza karatasi sakafuni. Alama hazikumfuata fundi yeyote. Zilifuata cherehani mbili, na zilizidi mchana. Dada mmoja aliyekuwa akikatwa kuliko wote, siku alizohamishiwa cherehani nyingine hakuwa na alama hata moja.

Tukachora mfupa wa samaki, ule mchoro wa Profesa Kaoru Ishikawa wa Japani, ambao kichwani unaandika tatizo na kwenye kila mwiba unaandika linakoweza kutoka: watu, mashine, malighafi, utaratibu. Mwenzetu aliyekulia Kigamboni aliuchora kama samaki changu mzima na magamba yake. Tuliufuata mwiba wa mashine tukiuliza kwa nini, na tena kwa nini. Mshono unaruka kwa sababu sindano imepinda au imekuwa butu. Kwa nini haibadilishwi? Kwa sababu sindano mpya zimefungiwa kwenye droo. Kwa nini zimefungiwa? Kwa sababu kuchukua moja kunahitaji saini ya msimamizi, naye hushinda Kariakoo akinunua vitambaa. Na kwa nini fundi hamngoji akaomba? Kwa sababu anayeomba sindano mara kwa mara anaitwa mharibifu.

Hapo tukawa tumefika. Sindano ya bei ndogo sana ilikuwa ikilindwa kwa kufuli, na mashati yakiharibika kwa mafungu mbele ya macho ya wote.

Nilimpelekea msimamizi karatasi ile kwa kuogopa. Aliitazama muda mrefu. Hakusema kitu, ila Jumatatu tulikuta kikopo cha sindano juu ya meza ya katikati, na agizo kwamba kila fundi abadilishe asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Kasoro hazikuisha zote, maana kitambaa nacho kina mambo yake, lakini kiroba cha chini ya meza hakijarudi. Nataka haki yake aipate mbele yako: msimamizi yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa ufunguo na kuambiwa alinde stoo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutokana na shauri hilo darasa lilipata neno lake. Sisi mafundi tunasema kufumua. Sasa kila mtu humu anasema hivyo. Mwoka mikate akitupa fungu lililoungua amefumua, fundi gari aliyerudishiwa gari lile lile kwa ubovu ule ule amefumua, muuguzi aliyetafuta faili robo saa huku mgonjwa amesimama naye amefumua. Tukaanza kuhesabu gharama za kufumua, na wengi tukagundua kwamba hatukuwa tumewahi kuziandika mahali popote.

Wauguzi wetu walitusaidia sana kwenye S tano, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, maana hospitalini walikwisha kuzizoea. Wizara ya Afya ilianza kuziingiza hospitalini mwaka 2007 kwa ushirikiano na Wajapani, ikaanzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Sasambua, yaani ondoa visivyohitajika; seti, yaani panga kila kitu mahali pake; safisha; sanifisha, yaani weka utaratibu mmoja kwa wote; shikilia, yaani endelea bila kuacha. Nne za mwanzo unaweza kuzifanya kwa wiki moja ukapiga na picha. Ya tano ndiyo inayotushinda. Maseremala wa Keko walipanga vyombo vyao ukutani, kila patasi na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi, na baada ya mwezi nusu ya vivuli vilikuwa vitupu. Walipochunguza wakakuta vyombo viliazimwa na karakana jirani. Ilibidi waketi na jirani kwanza ndipo vivuli vikajaa tena.

Cheti cha viwango na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tunaviheshimu, na wako kati yetu wanaovitafuta. Lakini tumeona pia mabango ya "Ubora Kwanza" juu ya milango ambayo ndani yake fundi anaogopa kusema mashine inatetemeka. Kati ya mambo 14 aliyowausia viongozi, Deming aliweka kufukuza hofu kazini. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida ana kamba anayoivuta, au kitufe anachokibonyeza, akiona kasoro, na kiongozi wa kikundi chake hufika kumsaidia. Shida isipotatuliwa kwa wakati, mstari wote unasimama. Sisi tulijiuliza ni wangapi kati yetu wangethubutu kuivuta kamba hiyo. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa miwili.

Changamoto zetu si nyingi. Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu amekuwa akitafsiri usiku na kutoa nakala kwa fedha yake mwenyewe. Tena, barua za mwaliko tulizowapelekea waajiri wetu zilijibiwa na wachache. Hao wachache wameketi hapa, na tunawashukuru kwa dhati.

Maombi yetu kwako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni haya. Kwanza, tusaidie darasa lijalo liwe na viti vya waajiri na wasimamizi, wakae benchi moja na sisi, kwa sababu ufunguo wa droo wanao wao. Pili, tusaidie kuchapa kijitabu cha Kiswahili ambacho mwalimu amekwisha kukiandika kwa mkono. Tatu, pale unaposikilizwa, tusemee kuhusu kukatwa mishahara kwa kasoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi anayetakiwa kukatwa kwa ajili ya hasara aandikiwe kwanza sababu na kiasi, apewe na nafasi ya kuvipinga. Tunaongeza ombi letu dogo: kabla ya kukata, karatasi itiwe alama kwa wiki mbili.

Tumekuandalia zawadi ya shati. Limeshonwa na yule dada aliyekuwa akikatwa kuliko wote, kwa sindano mpya, na karatasi ya vyumba vinne imekunjwa mfukoni mwake. Ukiona mahali mshono umeruka, tafadhali tia alama uturudishie. Anuani iko nyuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Darasa, kwa niaba ya wahitimu wote.