Siku 183 Hazitoshi: Tunachokutoza Kabla Hujahama

Mteja mmoja wa ofisi yetu ya ushauri wa kodi amelalamika kwamba tumemtoza pesa nyingi kwa kazi ya "kuhesabu siku", ambayo anasema simu yake inaifanya bure. Si wa kwanza. Wengi wanaohamia nje kufanya kazi kwa intaneti wanakuja na hesabu moja kichwani: usifikishe siku 183 za mwaka popote, hakuna atakayekudai kodi.

Siku 183 zipo kweli katika sheria za nchi nyingi kama kipimo cha nani ni mkaazi wa kikodi, yaani mtu ambaye nchi inamdai kodi kama wakazi wake, ila haziamui peke yake. Uingereza ina kipimo chake tangu 2013. Ukihama kutoka huko, kisha ukarudi kwa siku 100 tu katika mwaka, huku nyumba ya kufikia unayo na mkeo bado mkaazi wa huko, nawe unahesabiwa mkaazi. Raia wa Marekani ndio hata wasijisumbue na kalenda: ritani ya kodi wanadaiwa popote walipo.

Ujerumani nako nyumba tu inatosha. Tuliwahi kumhudumia bwana mmoja aliyeapa kwamba amehama moja kwa moja, na kweli alikuwa amejiondoa kwenye daftari la wakazi. Tukaomba bili ya umeme. Jina lake. Makoti ya baridi yamo kabatini, ufunguo anao mfukoni, na kila likizo analala pale pale. Karatasi ya kujiondoa haikumsaidia kitu.

Njia ya mkato inayotuletea kazi ngumu kuliko zote ni ya kuhamahama, miezi minne huku, mitatu kule, ili usiwe mkaazi wa nchi yoyote. Hispania, kwa mfano, safari zako fupi za nje inazihesabu kama siku ulizokuwa ndani, mpaka uonyeshe cheti cha ukaazi wa kikodi cha nchi nyingine. Sasa wewe uliyekwepa kote, cheti atakupa nani? Na bila ukaazi, mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili haukuhusu. Hata ukikuhusu, hauanzi na siku: unatazama kwanza makao yako ya kudumu yako wapi, kisha familia na mali, halafu mahali unapoishi kwa kawaida, na baadaye uraia.

Viza ya wafanyakazi wa mtandaoni nayo, katika nchi nyingi, haina msamaha wa kodi ndani yake, ni ruhusa ya kukaa. Ukaazi wa kielektroniki wa Estonia hata ruhusa hiyo hautoi. Ni kitambulisho cha kidijitali.

Kwa hiyo bei yetu ni ya kusoma mkataba wa nyumba, mihuri ya pasipoti, barua ya mwajiri na michango ya hifadhi ya jamii, kimoja kimoja, kabla hujakata tiketi. Hatupunguzi. Kesi ya mtu aliyekwisha kuondoka tunaitoza zaidi, kwa sababu tunaanza kwa kutafuta ushahidi ambao yeye ameshautupa. Kama ni wewe, njoo na barua zote za mamlaka ya mapato, pamoja na zile ambazo hujazifungua.