Majibu ya ule mtihani sikutumii, nisome kwanza

Shoga yangu wa tangu chuo,

Habari za huko Tanga, wanao hawajambo? Sisi huku tupo, namshukuru Mungu, nimetoka kupiga zamu za usiku nne mfululizo kwa hiyo macho mazito, ukiona naruka huku na kule nivumilie.

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwenye daladala na ya pili nyumbani nimetulia. Umesema leseni inakaribia kuisha, Baraza la wauguzi linataka pointi za mafunzo, semina zikija wanaenda wale wale, kozi za mtandaoni bando unatoa mfukoni kwako na wodini mko wawili kwa wajawazito kumi na kitu, kwa hiyo nikutumie tu majibu ya ile kozi ya saratani ya mlango wa kizazi, maswali 20, umalize usiku mmoja yaishe. Kila ulichosema ni kweli. Hakuna hata kimoja nitakachobisha, na najua we si mvivu, mimi ndo nilikuwa nakuamsha chuo kumbe umeshaamka saa kumi unasoma.

Ila majibu sikutumii. Usikasirike kwanza, kuna kitu sijawahi kukuambia na kila tukiongea nakaribia kukisema halafu nakimeza.

Ile kozi mimi nilishaifanya, miaka minne iliyopita, mwaka ule mama alipokuwa amelazwa na mimi nakimbia kati ya kazini na hospitali. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu alitupia picha ya majibu yote, 1 B, 2 A, 3 C, mpaka mwisho. Nikakaa kitandani na simu, dakika 12 nimemaliza, nimepata asilimia 95, cheti kikashuka pale pale, kesho yake nikakiprinti stesheneri nikakiweka kwenye faili. Moduli yenyewe sikufungua hata ukurasa mmoja.

Miezi kama mitano baadaye akaja mama mmoja pale RCH, kliniki yetu ya mama na mtoto. Miaka 54, nakumbuka umri wake kwa sababu nilimuuliza mara mbili, alikuwa anaonekana mkubwa zaidi. Alisindikiza mkwe wake kliniki, akaniona natoa elimu ya uchunguzi wa saratani hiyo, akasema na mimi nipime basi, sijawahi maisha yangu yote. We unajua ilivyo ngumu kumpata mama wa umri ule akubali kupanda kitandani mwenyewe bila kushawishiwa, nilifurahi kweli. Nikamwandaa, spekulamu ile ya kufungulia njia, taa, nikapaka ile asidi asetiki, yani siki, nikasubiri dakika moja kwa saa ya ukutani kama tulivyofundishwa, nikaangalia. Shingo ya kizazi imepauka, laini, imetulia, ule weupe wa kuashiria tatizo hakuna popote. Nikaandika kwenye rejista, hasi. Nikamwambia mama uko salama, urudi baada ya miaka mitatu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema Mungu akuzidishie mwanangu, na kesho yake akamtuma mjukuu na mfuko wa mihogo.

Aliletwa tena baada ya mwaka na kitu. Harufu niliisikia kabla hajafika mlangoni, we unaijua. Amekonda, kanga ameifunga mara tatu kiunoni kwa sababu ya damu. Niligusa tu na spekulamu ikaanza kuvuja, sikuendelea, nikaandika rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani, huku mkono unatetemeka. Akaniangalia akasema, mwanangu, si uliniambia niko salama? Hakusema kwa ubaya shoga, na hicho ndo kinachoniuma mpaka leo, aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa. Sikuwa na jibu. Alifika Dar wakampa mionzi, lakini ugonjwa ulishasambaa, akafariki kabla ya Pasaka.

Basi wiki chache baada ya msiba akaja menta, mtu wa kutufundisha kazini, kutoka hospitali ya mkoa, mkunga mtu mzima, amekaa kwenye hiyo kazi miaka na miaka, akatukusanya watano tu kwenye chumba cha chanjo. Hakuja na slaidi. Alikuja na kishkwambi chenye picha za shingo za kizazi, halisi, moja moja, anatuuliza hii utaandika nini. Picha ya nne au ya tano ikatokea shingo imepauka, laini, weupe hakuna. Wote tukasema hasi. Akanyamaza kidogo. Akasema nionyesheni eneo la mpito liko wapi, pale kwenye kiungo cha ngozi ya nje ya shingo na ile ya ndani. Tukatafuta. Halipo. Akasema huyu mama amekoma hedhi, akina mama wengi wakikoma kile kiungo kinapanda juu kinaingia ndani ya mfereji, hukioni, na ugonjwa unaanzia hapo hapo kwenye kiungo, sasa kama hukukiona umeona nini cha kuita hasi? Unaandika haionekani, na unamtafutia kipimo kingine.

Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya jengo karibu na tanki la maji. Ilikuwa yule mama. Shingo ile ile.

Jioni nikafungua ile kozi kwenye simu, nikatafuta, nikaikuta. Moduli ya tatu, ukurasa mzima na mchoro, VIA, yani kile kipimo cha kupaka siki na kuangalia kwa macho, haifai kwa mwanamke ambaye eneo la mpito halionekani, hasa baada ya miaka 50. Na kwenye mtihani swali lilikuwepo. Nilijibu C. Nilipata.

Nimelala na hiyo C miaka miwili sasa. Labda ugonjwa ulikuwa tayari umejificha mle ndani siku ile, labda bado, lakini kusema mama hapa sijaona vizuri ilikuwa ni kazi yangu na nilikuwa na cheti kinachosema najua. Kwa hiyo ukiniomba majibu unaniomba nikutumie kitu ambacho mimi naona sura ya mtu ndani yake. Sikulaumu, ungejuaje.

Halafu fikiria vitu vilivyobadilika toka tumetoka chuo na hakuna aliyetupigia simu kutuambia. Tulimezeshwa mahudhurio manne ya kliniki kwa mjamzito, WHO wakasema 2016 yawe nane. Kwenye hiyo hiyo saratani, mwongozo wao wa 2021 unataka kipimo cha kwanza kiwe cha DNA ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, unaanza miaka 30, na kwa wanaoishi na VVU unaanza 25 kwa sababu hatari yao ni kama mara sita ya wengine. Na sampuli ile mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe chooni na kijiti chake, hapandi kitandani, hafunguliwi na spekulamu, yani wale mama zetu wanaokimbia kwa aibu wangekuja. Kwa mama yule wa miaka 54 kile kipimo kingefaa, maana kinatafuta kirusi, hakihitaji uone kiungo. Kwetu bado tunategemea VIA, sampuli za DNA zinasafiri mkoani na majibu yanachelewa, ila angalau sasa najua nani wa kumpakia siki na nani wa kumtuma mbele.

Na chanjo ya HPV nayo. Mwezi uliopita uliniambia umemwambia mzazi bintiye arudi dozi ya pili baada ya miezi sita. Shoga, toka 2024 Tanzania ni dozi moja tu, wasichana miaka 9 mpaka 14, ile ya dozi mbili ndo tulianza nayo 2018 kwa wale wa miaka 14. Sikukusahihisha kwenye simu kwa sababu ulikuwa na watu, nakusahihisha hapa. Sio kosa kubwa, mtoto hatadhurika, ila yule mzazi akirudi kwa nauli ya kuazima akaambiwa hakuna dozi ya pili, siku nyingine hakuamini, na siku hiyo nyingine labda unamwambia jambo la kufa na kupona.

Nisiwe kama nasema mafunzo yote yako sawa, hapana. Nimeenda semina za hotelini siku tatu, slaidi kama mia mbili, chai na sambusa, unasaini posho unarudi, na ukiniuliza wiki mbili baadaye nimebaki na nini ni ile kalamu. Anayepelekwa ni mwenye cheo, na cheo chake chenyewe hakimruhusu kukaa leba. Hilo linanikera na nimelisema kwenye kikao mpaka mganga mfawidhi akaniambia dada punguza. Sipunguzi. Mkono haujifunzi kwa kusikiliza.

Nikupe mfano wa pili nikuachie. Yule yule menta alirudi mara nyingine kwa ajili ya damu baada ya kujifungua. Akachukua maji yenye rangi nyekundu, akamwaga juu ya kanga na pedi kwenye kitanda cha leba, akatuuliza ni kiasi gani. Mimi nikasema mililita 300, mwenzangu 250, daktari wetu 400. Zilikuwa 700. Sote tulikadiria chini, na sote kwa miaka tumekuwa tukiandika damu ya kawaida kwenye kadi kwa macho hayo hayo! Ndo akatuonyesha ile plastiki inayotandikwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, ina mfuko na mistari ya vipimo, unasoma tu kama unavyosoma jagi. Ikifika 500 husubiri, au hata kwenye 300 kama presha na mapigo yameanza kuharibika, unaanza vyote kwa pamoja, kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, asidi ya traneksamiki ya kugandisha damu, dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi. Sio kile tulichozoea, unajaribu kimoja, unasubiri, unajaribu kingine, huku mama anaishiwa. Utafiti wake ulifanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ukatoka 2023, na kule walikofanya hivyo ile damu kali ya lita moja na kuendelea, au kuishia kupasuliwa, au kufa, ilipungua kwa asilimia 60. Dawa ni zile zile zilizoko kwenye kabati letu shoga. Kilichobadilika ni kupima kwa mfuko badala ya macho na kuanza mapema.

Sasa sisi kila Jumanne saa nane mchana kliniki ikipungua tunafanya nusu saa. Hakuna posho hakuna soda. Mdoli wa kufanyia mazoezi tuliazima mkoani, ukirudishwa tunatumia mto na kanga. Mmoja anakuwa mama, mmoja anatokwa damu ya rangi, mwingine anahesabu dakika. Wiki ya kwanza ilituchukua dakika 11 mpaka dawa ya kwanza iingie kwa sababu kanula zilikuwa droo moja na plasta ziko stoo. Tukaweka kila kitu kwenye boksi moja pale ukutani. Juzi usiku wa zamu yangu ya tatu ikatokea kweli, binti wa miaka 19, uzazi wa kwanza, mfuko unasoma 550 na damu bado inatoka. Hatukupiga kelele. Kila mtu alijua pa kusimama. Asubuhi nilimwacha ananyonyesha, ananiomba chaja ya simu.

Na wewe usiniambie huko hamna mdoli. Hata kanga ipo, na rangi ya chakula ni bei ya kitumbua.

Kwa hiyo nimepanga hivi, na ukikataa nitakuja huko huko Tanga. Bando nakutumia kesho, usinirudishie. Jumamosi saa tatu usiku watoto wakishalala nakupigia, unafungua ile kozi na mimi nafungua yangu, tunasoma moduli moja moja kwa sauti kama tulivyokuwa tunasoma chini ya ule mwembe, tunabishana, usiku mmoja ukiwa hautoshi tunaongeza Jumapili. Pointi zako utazipata kabla leseni haijaisha, tarehe nimeiangalia. Rejista yako ya VIA ya mwaka huu nayo iwe karibu, tutaangalia wote waliozidi miaka 50 mlioandika hasi, wale wenye namba za simu tutaanza nao Jumatatu.

Na tukifika kwenye swali la mama aliyekoma hedhi, jibu ni C, hilo moja nimekupa. Wewe utaniambia kwa nini.

Wasalimie wote, mwambie mdogo wako hongera ya kazi.

Mwenzio wa bweni la pili