Hiyo "progress" uliyoniuliza

Nkuhungu,
Dodoma.

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi na upepo. Ripoti ya kikoba chenu nimeisoma yote, na swali lako kuhusu neno la Kiingereza "progress", yaani maendeleo, nimeliona. Hongereni, ila pale ulipoandika "many progresses" pafute kabla wafadhili hawajapaona. Neno hilo halihesabiki, ni kama maji au sukari. Mwingereza husema "a lot of progress", basi, na kitenzi chake ni "make", siyo "do". Kosa lenyewe najua limetoka wapi: sisi tunasema maendeleo, na maendeleo yamezaliwa na "ma" ya wingi hata yakiwa ya bati moja.

Ukiisoma mbele ya wageni, angalia na sauti. Likiwa nomino kaza mwanzo, PRO. Likiwa kitenzi kaza mwisho, GRESS.

Kilichonifurahisha zaidi ni asili yake. Ni Kilatini: "pro" ni mbele, "gradi" ni kutembea. Kumbe wenzetu nao walianzia miguuni, kama sisi tulivyotoa maendeleo kwenye kwenda! Na ukoo huohuo wa hatua ndio uliozaa gredi, digrii, hata greda. Ninavyoandika, greda linanguruma nje ya dirisha langu, linachonga barabara ya mtaa. Limesogea kama hatua ishirini tangu asubuhi, sasa opereta ameshuka kunywa chai. Hiyo nayo ni "progress", usiidharau. Mji wenyewe ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, na Serikali ikaja kuanza kuhamia kwelikweli 2016.

Sasa "in progress". Maana yake jambo liko katikati, bado halijaisha, kwa hiyo kile kisima chenu ambacho hakijafika kwenye maji kiandikie hivyo. Mimi maneno hayo yaliwahi kunitesa. Nilikwenda ofisi moja hapa mjini, nikakuta karatasi mlangoni: "Meeting in progress". Nikakaa kwenye benchi tangu saa tatu, kimya, nisije nikawasumbua wakubwa. Saa saba mama wa usafi akaja na ndoo yake, akausukuma mlango bila hodi. Ndani viti vimepandishwa juu ya meza.

"Mwalimu, kikao kiliisha juzi," akaniambia. "Karatasi ndiyo hawajaibandua."

Ukishairekebisha nitumie tena niipitie. Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Mwalimu