Kwa Mwanaidi, kuhusu shule ya Salim

Grangetown, Cardiff
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu. Unaona bado naanza barua kama tulivyofundishwa darasa la sita, utadhani mwalimu amesimama nyuma yangu na chaki mkononi. Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara tatu. Siwezi kuujibu kwa sauti, maana Baba Salim anaamka saa tisa usiku kwenda kazini na kuta za nyumba za huku ni kama karatasi. Kwa hiyo leo utasoma.

Umeniuliza, tena kwa ukali: watu wanauza mashamba ili watoto wao wajue Kiingereza, wewe umefika kwenye nchi yenyewe ya Kiingereza ukaenda kumtafutia mwanao shule isiyofundisha Kiingereza, una akili kweli?

Kwanza nikurekebishe kabla hujayasema hayo mbele ya watu: hapa si Uingereza. Hapa ni Wales, wenyewe wanaiita Cymru, na lugha yao ya Kiwelisi imetokana na lugha iliyokuwapo kabla ya Kiingereza kufika kisiwa hiki. Mwingereza akiwasikia wakizungumza haambulii kitu. Lakini hapa mjini Cardiff unaweza kutembea kutwa usiisikie. Utaiona tu: kila kibao cha barabarani kimeandikwa mara mbili, na kwenye lami wamepaka rangi neno ARAF, maana yake polepole. Miaka miwili ya kwanza mimi nilidhani ni jina la mtaa.

Usidhani niliingia kwenye shule hiyo kwa falsafa yoyote. Shule ya Kiingereza ya karibu nafasi zilikuwa zimejaa, hii ya Kiwelisi iko dakika tano kwa mguu, na mvua ya huku unaijua kwa kuisikia. Basi.

Salim alianza ana miaka minne. Njia yao wanaiita *trochi*, yaani kuchovya, kama unavyochovya nguo kwenye rangi mpaka ikolee. Tangu asubuhi ya kwanza mwalimu anazungumza Kiwelisi kitupu. Akisema kaeni, anakaa. Akisema vaeni makoti, anavaa lake. Mtoto akilia kwa Kiingereza mwalimu anamwelewa vizuri sana, lakini anamrudishia kwa Kiwelisi, na kila jambo lina wimbo wake: wa kunawa mikono, wa kupanga mstari, wa kuagana. Wiki tatu Salim hakusema neno. Ya nne akaamka usingizini anaimba. Kusoma na kuandika Kiingereza wanafundishwa rasmi wakifika miaka saba, kwake itakuwa Septemba ijayo, na nikwambie kweli, hakuna anayewangojea. Kiingereza kiko dukani, kwenye basi, kwenye televisheni, kwenye kila kifuko cha biskuti. Salim anakisoma tayari na hakuna aliyemfundisha.

Matatizo yalianza chooni. Kwa Kiwelisi choo ni *tŷ bach*, maana yake nyumba ndogo. Usicheke bado. Siku moja tuna wageni, watu wa heshima kutoka msikitini, Salim kaingia sebuleni anapiga makelele kwa Kiswahili chake safi: "Baba nataka kwenda nyumba ndogo! Baba nipeleke nyumba ndogo!" Mwanaidi, kimya kilichotanda pale! Mzee mmoja akashusha kikombe mezani taratibu, akamtazama Baba Salim kwa huruma. Tulieleza mpaka tukachoka, na bado nahisi wapo ambao hawakutuamini.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba ulimi wetu unaiweza lugha hii kuliko ulimi wa majirani zangu Waingereza. Wao wanahangaika. Sisi *dd* yao ni dh ya dhahabu, *ch* yao ni kh ya kheri kama anavyoitamka mama yangu, na neno kuanza kwa ng si ajabu kwa mtu aliyezaliwa kwenye nchi ya ng'ombe. Maneno yao hubadilika mwanzoni kama yetu: sisi tunasema ulimi, ndimi, na wao paka ni *cath*, paka wangu ni *fy nghath*, paka wake akiwa mwenyewe mwanamke ni *ei chath*. Mzazi mmoja Mwingereza aliniambia hilo ndilo lililomfanya aache madarasa ya jioni. Mimi nikamwambia njoo ujifunze ngeli za Kiswahili kwanza. Halafu wanaandika kama wanavyotamka, ukishajua kwamba C ni k, F ni v, na W mara nyingi ni u. Baba Salim humsomea mtoto kitabu kizima bila kuelewa neno, na kwa matamshi mazuri tu. Inayotushinda ni *ll*: weka ulimi kama unataka kusema L, kisha puliza hewa pembeni. Baba Salim akijaribu anatoa mate.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nichukue kalamu.

Mwezi uliopita shule ilikuwa na siku ya mambo ya kale, watoto wamevaa kofia na vizibao vya karne ya 19. Salim akarudi na kipande cha boksi kimefungwa uzi, kimeandikwa W N, yaani *Welsh Not*, Kiwelisi hapana. Nikamuuliza ni nini. Akanieleza huku anakula: zamani mtoto akisikika anazungumza Kiwelisi shuleni alivalishwa kijiti hiki shingoni. Akimsikia mwenzake naye anakizungumza, anakivua anamvika yeye. Na jioni, mama, unajua jioni...

Nikamwambia, jioni atakayekutwa nacho anachapwa.

Akaacha kula. "Umejuaje?"

Nimejuaje, Mwanaidi! Unakikumbuka kibao chetu cha sekondari, kile kilichotoka kwenye mfuniko wa dawati, na kamba yake ya katani iliyokuwa inakuna shingo? Unakumbuka Alhamisi ile ulipokuja nyuma yangu bombani ukaninong'oneza "shoga, nipishe," nami nikajibu "subiri," neno moja tu, ukanivika? Sikukusemesha wiki nzima. Leo ndiyo naelewa kwamba hatukuwa tumekosana sisi. Kile kitu kilitengenezwa hivyo, mtoto amsikilizie mwenzake. Nani aliyekivusha bahari? Au watu wabaya huwaza mamoja kila mahali?

Nilikwenda kusoma. Kijiti hicho hakikuagizwa na sheria yoyote ya serikali. Walimu walikitumia wenyewe, na mara nyingi wazazi waliridhia, kwa sababu walitaka watoto wao wafike mbali. Mwaka 1847 ilitoka ripoti ya wakaguzi watatu, wanasheria wa Kiingereza ambao Kiwelisi hawakukijua, ikisema lugha ya watu hawa ndiyo inayowazuia kuendelea, na tabia zao ikazitia kasoro juu yake. Wawelisi mpaka leo wanaiita usaliti. Lakini wazazi wengi waliimeza, kidogokidogo, na lugha ikaanza kutoka majumbani.

Shule ya kwanza ya msingi ya kufundisha kwa Kiwelisi, hii ya aina ya Salim, ilifunguliwa Aberystwyth mwaka 1939, vita vimeanza. Aliyeianzisha ni Ifan ab Owen Edwards, mtu wa chama cha vijana kiitwacho Urdd. Mwalimu alikuwa Norah Isaac. Wanafunzi walikuwa saba. Saba, Mwanaidi, hawajai hata daladala. Halmashauri ya kwanza kufungua shule kama hiyo ilikuwa kule Llanelli, 1947. Leo zipo kila pembe ya nchi. Na bado mambo si mepesi: sensa ya 2021 ilikuta wanaozungumza Kiwelisi ni 538,000 hivi, chini kidogo ya asilimia 18, pungufu kuliko sensa ya kabla yake. Serikali inataka wafike milioni ifikapo 2050. Hao wengine watatoka wapi? Kwenye darasa la Salim, ambalo lina Wasomali, Wabengali, Waingereza na huyu Mswahili mmoja, nadhani wenye Kiwelisi nyumbani ni watatu.

Kitu kingine nilichokisoma nikakukumbuka wewe na kidato chako cha kwanza. Watoto wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari wanafika kwako, fizikia ghafla imegeuka Kiingereza, na wewe unafunga mlango ili mkuu asisikie, unawaeleza mkandamizo kwa Kiswahili, kisha unafungua mlango. Uliniambia unajisikia mwizi. Basi huku kitendo hicho kina jina. Mwalimu mmoja wa Bangor, Cen Williams, alikiita *trawsieithu* mwaka 1994: mwanafunzi asome kwa lugha hii, aeleze kwa ile, makusudi, kwa mpango, mpaka somo limwingie kwa lugha zote mbili. Neno hilo limetafsiriwa na sasa maprofesa wa dunia nzima wanaandikia vitabu. Wewe unakifanya mlango umefungwa.

Lakini sitaki nikuchoree pepo. Mapumziko watoto wakitoka nje, Kiwelisi wanakiacha mlangoni na makoti. Wanacheza kwa Kiingereza, wanatukanana kwa Kiingereza. Shule ina mpango wa kuwahimiza, na anayesikika akizungumza Kiwelisi uwanjani anapewa tikiti, tikiti zikifika kadhaa anapata zawadi. Salim anapenda sana tikiti zake. Mimi siku moja nimesimama getini nikamwona mwalimu, mwanamke mpole kabisa, anatembea katikati ya watoto amepinda kichwa anasikiliza, na shingo ikaniwasha. Najua si kitu kimoja. Hapa hakuna fimbo wala aibu. Ila sikio la mtu mzima nyuma ya mtoto anayecheza silipendi, hata likiwa limebeba pipi.

Na swali lako lile, Kiwelisi "kitamfikisha wapi", nikupe kisa kimoja. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, kuna bibi wa miaka tisini na kitu. Kumbukumbu zimemtoka, na Kiingereza kimetoka nazo, kimebaki Kiwelisi cha utotoni. Wenzangu walikuwa wanasema ni mkorofi, anasukuma kikombe. Nikamuuliza Salim, chai inakaribishwaje? Akanifundisha mara nne mpaka akaridhika. Kesho yake nikainama nikamwambia, *Dishgled o de?* Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu, akanimwagia maneno, mengi, haraka, sikuelewa hata moja. Nikawa naitikia tu. Chai aliimaliza.

Nimalizie na lililo langu mwenyewe, ambalo sijakwambia kwa aibu. Tulipokwenda kumwandikisha, mwalimu mkuu aliniuliza nyumbani tunazungumza lugha gani. Nikajibu kwa haraka, Kiingereza, na nilijivuna kidogo. Ilikuwa kweli. Tangu azaliwe nilikuwa namsemesha Kiingereza changu hiki cha kuungaunga, Kiswahili akikisikia kwa baba yake tu, na kwa simu. Akaniuliza, na yenu wenyewe? Nikasema Kiswahili. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Basi tafadhali mpe hiyo. Kiwelisi tutampa sisi, na Kiingereza hata ukikifungia nje kitaingia dirishani." Nilitoka pale nimenyamaza. Imebidi niende nchi ya watu, niketi mbele ya mtu asiyejua hata Tanga iko wapi, ndipo niambiwe niseme na mwanangu kwa lugha ya mama yangu. Naye mama, unajua, alikuwa ananiuliza kila Ijumaa kwa nini mjukuu wake anamwitikia kwa "yes". Siku hizi Salim anamwambia *nos da*, usiku mwema, na bibi yake anauliza huyo Nosida ndiye nani, mchumba?

Kuhusu Rehema na ile shule ya ada ya milioni mbili, sitakuamulia. Mtoto ni wako na kazi zenu za huko wanaozitoa wanauliza Kiingereza, hilo silikatai. Ila kabla hujalipa nenda siku ya kawaida, wakati wa mapumziko, uangalie kama ukutani au shingoni mwa mtu hakuna kibao. Ukikiona, ninakuomba kwa urafiki wetu, geuka na hela zako.

Haja yangu: mdogo wake Baba Salim anakuja Desemba. Mpe vitabu vya Kiswahili vya darasa la kwanza na la pili, hata vilivyochakaa, na hadithi zozote za sungura na fisi. Ukipata nafasi pita kwa mama umrekodie anasimulia, asikatize kuuliza kama simu inakula salio. Salim amekaa hapa mezani muda wote anataka naye aandike, na kuandika Kiswahili hajafundishwa na mtu, anatumia herufi alizonazo. Nimemwachia mistari ya mwisho. Isome kwa sauti.

Wasalaam,
shoga yako, Mama Salim

*Sicamo Anti. Nataca fitabw.*